Jipu la unyayo wa kuku liuguzwe kwa maji na bendeji, si kwa wembe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba kuhusu ugonjwa unaodharauliwa kwa sababu unakaa mahali ambapo ni wachache wanaopatazama, nao ni jipu la unyayo. Kinachonisukuma kuandika ni ushauri unaopita mdomo kwa mdomo baina ya wafugaji, ambao mimi mwenyewe niliupokea na kuufuata: kwamba kuku akichechemea na ukaona kigaga cheusi chini ya mguu wake, chukua wembe, pasua, kamua, nyunyiza unga wa kidonge cha antibiotiki kilichobaki nyumbani, kisha mrudishe bandani. Ushauri huo una chembe ya kweli, kwani uchafu uliomo ndani sharti utoke, lakini njia yenyewe inamtesa kuku, mara nyingi haimponyi, na huweza kumwachia kilema cha maisha. Ninachokiamini, baada ya kuuguza nyayo nyingi, ni kwamba jipu likiwahiwa linauguzika nyumbani bila wembe, kwa maji ya uvuguvugu, dawa ya kusafishia vidonda, bendeji na subira ya majuma kadhaa. Na lisipowahiwa, si kazi ya mtu wa nyumbani tena, ni kazi ya daktari wa mifugo.

Nimefuga kuku kwa miaka 14. Katika miaka ya mwanzo nilikuwa na mtetea mwekundu, mzito, aliyezoea kuwatangulia wenzake kutoka bandani kila asubuhi, na siku moja nikaona amebaki nyuma, anakanyaga kwa ncha za vidole. Nilimkamata, nikaugeuza mguu, nikakuta kigaga cheusi cha ukubwa wa punje ya mahindi katikati ya unyayo, na nyama iliyokizunguka ilikuwa nyekundu na ya moto. Niliupitisha wembe kwenye moto, nikamwomba mwanangu amshike, nikapasua. Nilitazamia usaha utiririke kama unavyotiririka katika jipu la mtu, lakini hakikutoka kitu ila damu, nikapasua zaidi. Nilipofikia kitu cheupe chenye kung'aa, kigumu mfano wa uzi, nilidhani nimekipata kiini cha jipu, nikakivuta. Kumbe ilikuwa kano. Kidole cha kati cha mguu ule hakikukunjika tena mpaka kuku yule alipokufa miaka 3 baadaye, na kwa kuwa hakuweza kuushika ufito wakati wa usiku, akawa analala sakafuni peke yake. Wakati nikimkata hakupiga kelele. Alifumba macho, akafungua mdomo, akawa anahema tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kuku, kama ndege wengine wanaowindwa na wanyama, huficha maumivu yake ili asionekane dhaifu, na kwamba ukimya ule haukuwa na maana kuwa hasikii wembe.

Swali la kwa nini usaha haukutiririka ndilo lililonifungua macho. Chembe nyeupe za damu ya binadamu zinazokwenda kupambana na vijidudu hubeba vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iliyokufa, na kwa hiyo usaha wetu huwa majimaji yanayoweza kukamuliwa. Chembe zinazofanya kazi hiyo katika mwili wa kuku zinakosa kimojawapo kikubwa cha vimeng'enya hivyo, hivyo usaha wake hauwi majimaji bali hugandamana na kuwa donge kavu la manjano au kahawia, linalomeguka kama jibini iliyokauka. Donge hilo huzungukwa na ukuta wa nyama ngumu unaojengwa na mwili wenyewe ili kulitenga. Hapa mtu anaweza kuona mara moja kwa nini kukamua ni kumtesa mnyama bure, maana hakuna kinachoweza kukamuka; na pia kwa nini vidonge na dawa za kwenye maji ya kunywa hushindwa mara nyingi, maana dawa husafiri kwa damu, na ndani ya donge hakuna mshipa wa damu hata mmoja.

Kijidudu kinachokutwa mara nyingi zaidi katika majipu haya ni stafilokoka wa rangi ya dhahabu, ingawa huweza kuandamana na vingine. Daktari wa upasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, ndiye aliyevitambua vijidudu vya jamii hiyo katika usaha wa wagonjwa wake mwaka 1880, na mwaka 1882 akavipa jina litokanalo na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu, kwa jinsi vinavyoshikamana vikitazamwa kwa hadubini. Nayataja haya kwa sababu kijidudu hicho ndicho hicho kinacholeta majipu kwa watu, nacho huishi juu ya ngozi yetu na ya kuku wetu tukiwa wazima kabisa. Hakiletwi na kuku mgeni wala na hali ya hewa. Kipo siku zote, kinangoja mlango, na mlango huo huwa ni mwiba, kipande cha waya, kibanzi cha ufito, mchubuko wa kuruka kutoka juu na kutua pagumu, au ngozi iliyolainishwa na matandiko yenye unyevu hata ikapasuka yenyewe.

Kazi ya kwanza ya mfugaji, basi, ni kuzitazama nyayo kabla kuku hajachechemea, kwa sababu akishachechemea jipu lina siku nyingi. Mimi huwashika kuku wangu wote mara moja kwa mwezi, jioni giza linapoingia, wakiwa wamekwisha kupanda kulala, kwa kuwa wakati huo wanatulia na hawahitaji kukimbizwa. Humfunga kuku kwa taulo pamoja na mabawa yake, nikamweka pajani, nikakifunika kichwa kwa pembe ya taulo, naye hutulia kama aliyelala. Jambo moja naomba lizingatiwe sana na wenye mikono mizito na hata watoto wanaosaidia kushika: kuku hana kiwambo kama chetu cha kuvutia pumzi, anapumua kwa kidari kupanda na kushuka, na mtu akimbana kifuani kwa nguvu anaweza kumwua mikononi mwake bila kujua kilichotokea. Taulo lishike mabawa, lisikaze kifua.

Unyayo mzima una vinundu vidogo vidogo laini, vya rangi moja, na ukiubonyeza unarudi polepole kama mpira. Ninaposhuku jambo naulinganisha na wa mguu wa pili. Dalili ya kwanza ni wekundu na kung'aa kwa ngozi mahali vinundu vilipofutika. Kisha kinatokea kigaga kidogo cha kahawia au cheusi, ambacho mara nyingi wafugaji hukidhania matope yaliyogandia, na njia ya kutofautisha ni kuosha, maana matope huondoka na kigaga hubaki. Baadaye unyayo huvimba, joto husikika kwa mkono, uvimbe hupenya hadi juu kati ya vidole, na kuku huanza kusimama kwa mguu mmoja hata asipokuwa amepumzika, kupunguza kula, kukaa chini muda mrefu, na kuacha kupanda.

Si kila kuku anayechechemea ana jipu la unyayo, na hapa ndipo haraka ya kutibu inapowaponza wengi. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka, yamekuwa mazito na yenye ukoko mweupe, tatizo ni utitiri unaochimba chini ya magamba, na tiba yake ni nyingine: miguu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta ya mgando kwa wingi, tena na tena kwa majuma kadhaa, ili kuwaziba pumzi utitiri hao. Wapo wanaopaka oili chafu ya magari au mafuta ya taa. Nawasihi waache, kwa kuwa vitu hivyo huunguza ngozi ya kuku na sumu yake humwingia anapojinyonyoa kwa mdomo. Kuku mchanga anayelala mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma anaweza kuwa na ugonjwa wa Marek, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na József Marek wa Hungaria mwaka 1907, ambao unadhuru mishipa ya fahamu na hauna tiba. Na kuku kadhaa wakivimba viungo na nyayo kwa wakati mmoja, hiyo si ajali ya mwiba, huenda ni maambukizi ya maikoplasma, aina nyingine ya kijidudu, yanayosambaa kundini, na daktari aitwe. Jipu la unyayo halisi kwa kawaida humpata kuku mmoja au wawili, nalo lina alama yake, yaani kigaga.

Sasa nije kwenye tiba yenyewe, ambayo nitaieleza kirefu kwa sababu ndiyo inayofupishwa mno watu wanapoelekezana.

Tayarisha kila kitu kabla ya kumkamata kuku: beseni, taulo mbili, glavu, shashi safi, bendeji ya aina inayojishika yenyewe bila gundi, mkasi, na dawa ya iodini ya kusafishia vidonda au ya klorheksidini. Weka katika beseni maji ya uvuguvugu yenye kina cha kufunika nyayo na sehemu ya chini ya miguu, na uyapime joto kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, kwa kuwa kiganja kilichozoea kazi hudanganya. Ukiwa na chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesiamu salfeti, koroga vijiko viwili vya chakula kwa kila lita ya maji. Usipokuwa nayo, maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali yanafanya sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa shabaha ni kulainisha kigaga. Msimamishe kuku humo kwa dakika 15 hadi 20, ukimshika kwa upole, na usimwache anywe maji hayo kwa kuwa chumvi hiyo humharisha. Dakika za mwanzo atapigapiga mabawa, lakini wengi wao maji yakishawapa joto huanza kusinzia.

Baada ya hapo mfunge taulo, mlaze kwa ubavu pajani, ukaushe unyayo kwa kuugusagusa na si kwa kuusugua, kisha ujaribu kukisukuma kigaga kwa kidole gumba kilichovaa glavu, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kikiwa tayari kitaachia chenyewe, na mara nyingine huja pamoja na kipande cha lile donge kimening'inia nyuma yake kama mzizi. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza, donge zima la ukubwa wa dengu likiwa limetoka na kuacha shimo safi bila tone la damu, nilimkumbuka yule mtetea mwekundu na wembe wangu. Kikigoma, kiache. Hapa ndipo subira inapotakiwa, maana kazi ya siku ya kwanza si kulitoa donge, ni kuanza kulilainisha, na kigaga kilichogoma Jumatatu huenda kikaachia Alhamisi baada ya kuogeshwa kila siku. Anayelazimisha anachana nyama nzima na kuwafungulia vijidudu njia ya kwenda ndani zaidi, kwenye kano na mifupa, ambavyo katika unyayo wa kuku vipo chini kidogo tu ya ngozi.

Kigaga kikitoka au kisipotoka, osha mahali hapo kwa iodini iliyochanganywa na maji safi mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Iodini isiyochanganywa ni kali mno kwa nyama inayojaribu kuota. Kwa sababu hiyo hiyo siipendi ile dawa ya kutoa povu, haidrojeni peroksaidi, ambayo wengi huimwaga kidondani kila siku wakifurahia povu wakidhani ni vijidudu vinavyokufa. Povu hilo linatokea pia linapokutana na nyama nzima, na kila linapotokea nyama changa inaungua na kidonda kinarudi nyuma. Sipendekezi vilevile kumpaka kuku krimu za ganzi za watu, zile ambazo majina ya dawa zake huishia na "-kaini", kwa kuwa ndege ni wepesi sana kudhurika na dozi ambayo kwa mtu ni ndogo.

Kufunga bendeji ni ufundi mdogo unaohitaji mazoezi. Weka shashi juu ya kidonda, kisha tengeneza kikata cha shashi au kitambaa laini, mviringo wenye tundu katikati, na ukiweke hivi kwamba kidonda kiwe ndani ya tundu na uzito wa kuku ukae kwenye ukingo. Kata bendeji vipande vyembamba vya upana wa sentimita moja na nusu hivi, pitisha kati ya kidole na kidole, zungusha kwenye mguu juu ya unyayo, rudi tena kati ya vidole vingine, na uache kucha na ncha za vidole nje. Bendeji hizi hujikaza zenyewe kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo uifungue kwanza kutoka kwenye kibunda chake, iache ilegee, ndipo uifunge bila kuivuta. Saa moja baadaye rudi umshike vidole: vikiwa vya baridi, vimevimba au vimegeuka rangi kuliko vya mguu wa pili, fungua ufunge upya, na usingoje asubuhi. Siku za mwanzo bendeji hubadilishwa kila siku pamoja na kuogesha mguu. Kidonda kikishaonyesha nyama nyekundu, safi na isiyo na harufu, kuogesha huachwa na bendeji hubadilishwa kila baada ya siku mbili, au mara tu inapolowa. Bendeji iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa na bendeji.

Muda wote huo kuku akae mahali pakavu, penye matandiko laini na safi, pasipo na kitu cha kuparamia, na kama inawezekana awe anawaona au kuwasikia wenzake, kwa sababu kuku aliyetengwa kabisa kwa majuma mawili au matatu hupigwa anaporudi kama mgeni. Maji na chakula viwekwe karibu naye ili asilazimike kutembea. Na mpimeni uzito kila juma, maana mwili wa kuku umefunikwa na manyoya na huweza kukonda bila kuonekana. Mimi humpapasa kidari, na ncha yake ikianza kukaa kama ukingo wa kisu najua kwamba tiba yangu haitoshi.

Kuna hali ambazo kuendelea kutibu nyumbani ni kumkosea mnyama. Uvimbe ukiwa umepanda juu ya unyayo hadi kwenye kifundo, vidole vikiwa vimetanuka kwa uvimbe, kuku akiwa hali au hasimami, au ukiwa umeogesha na kufunga kwa siku 7 hadi 10 bila mabadiliko yoyote, donge limekaa mahali ambapo panahitaji kupasuliwa, na kupasua kunahitaji ganzi, vyombo vilivyochemshwa, na mtu anayejua kano zinapopita. Daktari anaweza pia kumpa kuku dawa ya kutuliza maumivu kwa kipimo kinachomfaa ndege. Najua baadhi yetu husema kwamba kuku mmoja hastahili kupelekwa kwa daktari, na siwezi kumwamulia mwenzangu kuhusu mfuko wake. Lakini kama daktari hafikiki na kuku anateseka bila kupata nafuu, kumchinja upesi na kwa mkono unaojua kazi ni huruma kubwa kuliko kumpasua mara tatu kwa wembe ule ule. Nyama ya kuku mwenye jipu kubwa aliyekonda isiliwe, wala ya kuku aliyekwisha kupewa dawa.

Hilo linanileta kwenye antibiotiki, ambazo ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko wembe. Kidonge kilichobaki baada ya mtoto kupona kikohozi hakikutengenezwa kwa stafilokoka wa kwenye unyayo wa kuku. Kikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda hakifiki ndani ya donge, na kikipewa kwa kumeza kwa makadirio huwaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wale sugu wakiwa na nafasi zaidi ya kuzaana. Penisilini yenyewe iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 katika sahani alimokuwa akiotesha stafilokoka, na mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, alitumia hotuba yake kuonya kwamba dozi haba huwafundisha vijidudu kuistahimili dawa. Mwaka 2005 Marekani iliondoa ruhusa ya kuwapa kuku antibiotiki iitwayo enrofloksasini kwa sababu ya usugu uliokuwa ukijengeka katika vijidudu vinavyowaambukiza watu kupitia nyama. Na yapo mayai. Kuku wa nyumbani aliyepewa dawa huendelea kutaga, na mabaki ya dawa huingia katika yai linaloliwa na familia nzima. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla mayai na nyama havijaliwa, na zipo dawa ambazo hazikuruhusiwa kabisa kwa kuku wanaotaga. Siku hizo mtu hawezi kuzikisia. Antibiotiki zitolewe na daktari aliyemwona kuku, na ikiwezekana aliyepima donge lake maabara, basi.

Usafi wa mtibu sitauzungumzia sana kwa kuwa ni jambo la kawaida: vaa glavu, nawa kwa sabuni, usitumie beseni la vyombo vya chakula, choma au funga vizuri shashi zilizotumika, na mwenye kidonda mkononi au mwenye maradhi yanayodhoofisha kinga amwachie mwingine kazi hii.

Tiba yote hii itakuwa ya kurudia kila mwezi ikiwa banda litabaki kama lilivyo. Nilipokuwa na wagonjwa watatu katika mwaka mmoja nilipiga magoti bandani, nikaupitisha mkono wangu juu ya fito zote walizolalia, na nikapata jibu kwa kuchomwa na kibanzi. Fito zilikuwa nyembamba, za mraba, zenye kingo kali, na ya juu kabisa ilikuwa mita moja na zaidi kutoka sakafu ya saruji. Kuku mzito anayeruka kutoka hapo kila alfajiri hutua kwa unyayo na uzito wake wote. Nimeweka fito za upana wa sentimita 5 hivi, zilizopigwa msasa na kuviringwa kingo, zisizozidi nusu mita kutoka chini kwa kuku wazito, na kwa wale wanaopenda kulala juu nimeweka ngazi ndogo ya kushukia. Nimeng'oa pia kipande cha wavu wa waya kilichokuwa sakafuni mlangoni, ambacho nilikiweka mwenyewe ili kinyesi kidondoke, na ambacho kilikuwa kikizikata nyayo zao kila walipopita.

Matandiko nayo yana kipimo chake rahisi. Chukua konzi ya maranda au pumba za bandani, ifumbate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja: yakibaki yameshikamana kama donge, yana maji mengi na yanazioza nyayo, yakianza kusambaratika, yanafaa. Mahali pa kujaribia ni karibu na vyombo vya maji, si katikati ya banda ambako huwa pakavu siku zote. Kisha inama, ulete pua yako kwenye kimo cha kichwa cha kuku, kwa sababu harufu kali ya mkojo usiyoisikia ukiwa umesimama utaisikia hapo, nayo ni alama ya unyevu. Nilipoinua vyombo vya maji juu ya tofali moja na kuanza kuyageuza matandiko kwa reki kila baada ya siku mbili, wekundu wa nyayo uliondoka kwa kuku wengi ambao sikuwa hata nimewatibu.

Kuhusu lishe nina neno moja tu. Kuku anayekula nafaka tupu hunenepa na bado hukosa vitamini A na biotini, ambazo ngozi ya unyayo inazihitaji ili isikauke na kupasuka. Majani mabichi kila siku na chakula cha kuku kilichokamilika husaidia, na kupunguza uzito wa kuku aliyenenepa ni nusu ya tiba ya mguu wake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kurasa za mifugo katika magazeti yetu huchapisha picha za mabanda, vifaranga na majogoo wa kupendeza, lakini sijawahi kuona picha ya unyayo. Ninaomba mchapishe picha mbili kubwa, zikiwa bega kwa bega: unyayo mzima wenye vinundu vyake, na unyayo wenye kigaga katika siku zake za mwanzo, kabla ya uvimbe. Mfugaji akiikata picha hiyo na kuibandika ndani ya mlango wa banda, atakuwa na cha kulinganishia jioni anapomgeuza kuku wake mguu.

Wako,
Mfugaji wa kuku wa nyumbani